Anzia Kwenye Betri, Siyo Kwenye Spika

Amplifaya nyingi za magari zinazouzwa hapa Mwanza zina maandishi makubwa mgongoni: wati 2000, wati 3000, nyingine wati 5000 na mchoro wa moto juu yake. Mimi huwa naigeuza kwanza upande unaoingia waya na kutazama fyuzi. Fyuzi haina biashara ya kufanya, kwa hiyo haina sababu ya kudanganya. Kama amplifaya ni ya "wati 3000" na fyuzi yake ni moja tu ya ampea 30, hesabu inaisha palepale kaunta: ampea 30 mara volti 13.8 ni wati 414. Huo ndio umeme wote inaoweza kumeza kwa muda bila fyuzi kukatika, na sehemu yake lazima iishie kuwa joto. Amplifaya ya muundo unaoitwa klasi AB hupoteza karibu nusu. Ya klasi D hupoteza kama robo, zilizo nzuri chini ya hapo. Kwa hiyo ile 3000 ni wati 220 hadi 320 za kweli.

Na wala si haba. Wati 250 za kweli ndani ya Vitz zinatosha kukutikisia kioo cha nyuma. Tatizo ni mtu anayetoka dukani akiamini ana 3000, akanunua spika za kulingana na 3000, kisha akashangaa mbona bezi haipigi, akaanza kukoroga kila kitufe anachokiona mpaka spika itoe moshi.

Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia, "Kaka, we nunua au acha, usinihesabie fyuzi." Nikacheka, nikaendelea kuhesabu.

Namba ya kutafuta ni ile inayoambatana na herufi RMS: nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa au kuihimili mfululizo. Hizo nyingine zinazoitwa za juu kabisa ni za kupambia boksi. Kampuni zinazojiheshimu hupima amplifaya zao kwa kanuni ya Marekani ya CEA-2006, siku hizi CTA-2006: volti 14.4, mzigo wa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme), na uchafuzi wa sauti usiozidi asilimia 1. Ukikuta alama hiyo kwenye boksi, angalau unajua namba imepatikana kwa kipimo. Usipoikuta, rudi kwenye fyuzi.

Sasa, watu wengi ninaowafahamu hununua muziki wa gari kwa kuanzia nyuma kuja mbele. Kwanza spika, maana ndiyo inayoonekana. Halafu amplifaya, kwa hela iliyobaki. Halafu waya, kwa chenji. Betri na oltaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, hakuna anayezikumbuka mpaka gari ligome kuwaka. Mimi naona safari iende kinyume: uanze na umeme ambao gari lako linaweza kuutoa, kutoka hapo ujue amplifaya ya ukubwa gani, na spika ije mwisho, ikiwa imechaguliwa kwa omu zake kabla ya inchi zake.

Shemeji yangu ndiye aliyenifanya niandike haya. Ana Noah, na aliniletea ikiwa tayari imefungwa spika mbili za inchi 12 na amplifaya ya njia moja, yaani yenye toleo moja tu la sauti, kule nyuma. Mzigo ulikuwa mzuri, hakununua takataka. Lakini kila akipandisha sauti, taa nyekundu inawaka na muziki unakata. Kwa lugha ya mafundi, inaenda protekti.

"Shemeji, fundi kasema amplifaya mbovu, nirudishe dukani."

"Amplifaya ni nzima. Inajizima ili isiungue."

Kila spika yake ilikuwa na koili mbili (waya uliozungushwa unaoisukuma karatasi ya spika) za omu 4, yenye kuhimili wati 300 RMS. Amplifaya inatoa wati 350 kwenye omu 4 na wati 600 kwenye omu 2, na kitabu chake kinasema wazi kwamba chini ya omu 2 usiipeleke. Ukitazama kwa haraka, wati 600 kwa spika mbili za 300 ni ndoa iliyotimia. Aliyezifunga naye aliona hivyo, akaunganisha koili zote nne sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, akafunga buti. Koili nne za omu 4 zikiungwa sambamba ni omu 1. Amplifaya ikajikuta inaona nusu ya ukinzani wa chini kabisa inaouweza.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu akili inasema spika nyingi ni ukinzani mwingi. Kwenye sakiti sambamba ni kinyume. Kila koili unayoongeza ni sawa na kufungua mlango mwingine wa daladala: abiria walewale, ila wanamwagika nje kwa kasi kubwa zaidi. Umeme unaotoka kwenye amplifaya unaongezeka, na transista zake ndizo zinazobeba huo msukumo. Mfuatano ndio unaopandisha: chanya ya koili ya pili inaunganishwa na hasi ya koili ya kwanza, na omu zinajumlishwa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Koili zinazofanana zikiwa sambamba, gawanya omu za moja kwa idadi yake. Zikiwa mfuatano, zidisha. Spika moja yenye koili mbili za omu 4 inakupa omu 2 au omu 8. Yenye koili mbili za omu 2 inakupa omu 1 au omu 4. Ukiwa na spika mbili za koili mbili-mbili, zile za omu 4 unaweza kuzifanya omu 1, omu 4 au omu 16. Basi. Hakuna namna utakayozipinda waya zikupe omu 2. Zile za omu 2 zinakupa nusu omu, omu 2 au omu 8.

Kwa hiyo mzigo wa shemeji haukuwa na ubovu wowote, ila vitu viwili vizuri havikuwa vya kukaa pamoja. Angechukua spika zilezile, rangi ileile, bei ileile, lakini za koili za omu 2, amplifaya yake ingeona omu 2 na kutoa wati 600 bila jasho. Tofauti ni herufi ndogo kwenye kibandiko nyuma ya sumaku, ambayo dukani hakuna anayeisoma kwa kuwa spika imetazama mbele.

Nikachukua malti-mita na kupima koili moja moja. Zilisoma omu 3.4, 3.5 hivi. Usitishike ukiona hivyo. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, na koili inayoitwa ya omu 4 kwa kawaida husoma chini kidogo ya 4. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, hapo ndipo kuna msiba. Kisha nikaziunga upya: ndani ya kila spika koili mbili mfuatano, omu 8, halafu spika mbili sambamba, omu 4. Taa nyekundu haikuwaka tena.

"Lakini shem, si umesema kwenye omu 4 inatoa 350 tu? Nimepoteza wati 250!"

Nilimjibu kwa desibeli, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa za vijana zinapoteketea. Nguvu ikizidishwa mara mbili, sauti inapanda desibeli 3. Ni badiliko unalolisikia, lakini si la kukurusha kitini. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, inahitajika karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kutoka wati 350 hadi 600 ni desibeli 2.3. Ukimfunga mtu macho ukambadilishia, atasema "nadhani hii imezidi kidogo." Ndiyo hiyo wanayoitafuta kwa kushusha omu mpaka amplifaya inaunguza kidole. Boksi lililojengwa vizuri linaweza kukupa zaidi ya hapo bila kuongeza wati hata moja.

Wenye amplifaya za njia mbili au nne wana mtego wao. Ukibriji njia mbili, yaani ukiziunganisha ziwe moja ili ziendeshe spika moja, kila njia inaona nusu ya omu za spika ile. Spika ya omu 4 kwenye briji, kila njia inaona omu 2, na nyingi zinaweza. Spika ya omu 2 kwenye briji, kila njia inaona omu 1, na nyingi haziwezi. Ndiyo maana kitabu kinasema mwisho wa briji ni omu 4 hata kama kila njia peke yake inaruhusiwa omu 2. Si kwamba wamekosea kuchapa.

Turudi kwenye umeme wa gari. Amplifaya ya wati 600 yenye ufanisi wa asilimia 80 inavuta wati 750. Gawanya kwa 13.8, ni ampea 54 inapopiga kwa nguvu zote. Oltaneta za magari madogo ya Kijapani tunayoendesha nyingi zina ampea 70 hadi 100, na hizo ni za injini ikiwa na kasi. Injini ikiunguruma tu kwenye foleni pale Buzuruga, inatoa pungufu sana, huku taa, feni, pampu ya mafuta na kiyoyozi navyo vinadai haki yao. Bahati nzuri muziki si mlio mmoja usiokatika, na kwa wastani amplifaya huvuta kama theluthi ya ile ampea 54 au chini ya hapo. Ndiyo maana wati 500 au 600 za kweli zinabebeka kwenye gari la kawaida. Ukivuka hapo kwenda wati 1000 RMS, unaongelea oltaneta nyingine na betri nyingine, na bei yake muulize aliyewahi kununua.

Taa za mbele zikififia kila bezi inapogonga, gari linakuambia volti zinaporomoka. Pima kwenye betri muziki ukiwa juu na injini inawaka. Ikibaki juu ya 13, sawa. Ikishuka kuelekea 12, sasa betri ndiyo inayoendesha muziki na oltaneta imeshashindwa. Watu hukimbilia kununua ile kapasita kubwa inayong'aa na taa za buluu. Kapasita huhifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi, haizalishi umeme. Kabla yake, badilisha waya nene ya kutoka oltaneta hadi betri, na zile za kutoka betri kwenda kwenye bodi na injini. Ni kazi isiyopigwa picha, ila inasaidia.

Na kuna muziki wa gari lililozimwa. Enzi za foleni ya kivuko cha Kigongo ilikuwa kawaida: injini imezimwa, milango wazi, bezi inaita, na feri ikifika kuna watu wanasukuma gari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 foleni ile imekwisha, tabia imehamia ufukweni Jumapili. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikuumbwa kukamuliwa polepole hadi mwisho. Ikinyonywa hivyo mara kwa mara inakufa mapema. Ukiwa Luchelele na unataka muziki, washa injini kila baada ya muda, au punguza.

Sasa waya, na hapa sina utani. Spika ikiungua unapata hasara. Waya ikiungua unapoteza gari. Waya nyekundu inayotoka betri hadi buti inapita kilomita za mashaka: inatoboa ukuta wa injini, inapita chini ya zulia, pembeni mwa mabati yenye ncha. Barabara zetu za mitaani, ukipanda Mabatini au kushuka Igogo, zinaitikisa bodi kila siku. Bati linakwangua ganda la waya taratibu. Siku chuma kinapogusa shaba, betri nzima inajimwaga kwenye bodi kwa mamia ya ampea, na fyuzi iliyo kwenye amplifaya kule nyuma haisaidii chochote, kwa sababu umeme haukufika huko. Kwa hiyo fyuzi kubwa ikae mbele, ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kabla waya haijapita popote. Fyuzi hiyo inalinda waya. Ukubwa wake unachaguliwa kwa unene wa waya, unaohesabiwa kwa geji (namba ikiwa ndogo, waya ni nene zaidi): geji 8 ya shaba, fyuzi ya 50 au 60, geji 4 ya shaba, 100 hivi. Ikikatika, usiweke kubwa zaidi "ili isisumbue", na asikuzibie mtu kwa msumari au karatasi ya sigara. Pale waya inapopenya bati, weka raba.

Nimesema ya shaba kwa makusudi. Waya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba juu. Inapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili ya shaba halisi ya unene uleule, na mara nyingi unene wenyewe ni wa ganda la plastiki. Geji 4 ya kweli ina shaba ya milimita za mraba 21, geji 8 ina 8.4. Kwangua nyuzi chache kwa wembe: ikiwa nyeupe ndani ni alumini. Inyanyue pia, alumini ni nyepesi mno. Siyo kwamba haifai kabisa, ila ichukulie kama ni nyembamba kwa geji mbili, ya 4 kama ya 6, na uipe fyuzi ya kulingana. Mita 5 za shaba ya geji 8 zikipitisha ampea 60 zinakula volti 0.6 njiani. Geji 4 inakula 0.25. Hiyo iliyoliwa inakuwa joto chini ya zulia, miguuni mwa abiria.

Waya ya hasi iwe nene sawasawa na nyekundu, fupi, na ifungwe kwenye bati tupu. Kwangua rangi mpaka ing'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu maana unyevu wa ziwa haukawii kuleta kutu. Boliti ya mkanda wa kiti iache ifanye kazi yake ya kuokoa maisha.

Wenye redio iliyokuja na gari kutoka Japani, ile inayoanzia FM 76 na isiyofika stesheni zetu nyingi, mara nyingi haina matundu ya kutolea sauti kwenda amplifaya. Unachukua sauti kwenye waya za spika za nyuma kupitia kibadilishio, au unaziingiza moja kwa moja kama amplifaya yako inakubali. Angalizo moja tu: hasi ya spika kwenye redio hizo siyo hasi ya gari. Inaelea na volti zake. Ukiigusisha bodi ili "kupunguza waya", umeua redio.

Geini ndiyo kifundo kinachoonewa kuliko vyote. Kila mtu anadhani ni sauti. Kazi yake ni kulinganisha volti zinazotoka kwenye redio na zile amplifaya inazotarajia. Ukikizungusha hadi mwisho hupati wati mpya, unafika tu mwisho wa amplifaya mapema, na baada ya hapo mawimbi yanakatwa vichwa. Wimbi lililokatwa likawa bapa kabisa linabeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo hichohicho, na koili inapokea ziada hiyo kama joto. Ndiyo maana ile kauli ya mafundi kwamba amplifaya ndogo inaua spika ina nusu ya ukweli. Udogo wake hauui. Kinachoua ni kuilazimisha.

Namna ya kuiweka: chomoa waya za spika kwenye amplifaya. Zima kuongeza bezi kote, kwenye redio na kwenye amplifaya. Cheza mlio mnyoofu wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kimo kamili, sauti ya redio iwe robo tatu. Weka mita kwenye volti za AC kwenye matundu ya spika, na zungusha geini taratibu kutoka sifuri mpaka ufikie volti uliyoikokotoa: wati mara omu, halafu kipeuo cha pili. Kwa shemeji, 350 mara 4 ni 1400, kipeuo chake ni 37.4. Nilimwekea 36, ajue nampenda. Angekuwa na zile spika za omu 2, ingekuwa 600 mara 2, volti 34.6. Baada ya hapo robo tatu ndiyo mwisho wake wa sauti, na kila aliyeshika redio ile aambiwe.

Kichujio kinachopitisha bezi tu nakiweka hezi 80 au chini ya hapo. Kama boksi lina tundu, washa na kile kinachokata sauti za chini mno, hezi 25 au 30, kwa sababu chini ya hezi ambazo tundu limetengenezewa, hewa haiishikilii tena karatasi ya spika, inarukaruka mpaka inachanika hata kwa wati chache. Boksi lililozibwa linasamehe zaidi. Spika mbili zikikosa nguvu bila sababu, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye kila moja: zote zinapaswa kusukuma upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, umegeuza waya na zinafutana.

Shemeji alikaa na omu 4 wiki kadhaa, kisha akapata mtu Igoma wa kubadilishana naye spika zake kwa zile za omu 2. Sikumzuia, ila nilimwambia geini irudiwe upya siku hiyohiyo. Tulipomaliza tulienda mpaka Usagara na kurudi, muziki ukiwa juu. Kabla hajazima injini nilifungua boneti nikashika kishikilia fyuzi. Kilikuwa cha moto kuliko waya yenyewe, dalili ya skrubu iliyolegea. Tukazima, tukasubiri kipoe, tukakaza, tukazunguka tena.